Umeme wa upepo baharini Tanga: jinsi ya kupanga pamoja na wavuvi kabla eneo halijachaguliwa

Mitambo ya upepo inayosimikwa kwenye sakafu ya bahari kwa kawaida hujengwa penye kina kisichozidi mita 60 hivi. Kati ya Tanga na Pemba kina hufika mamia ya mita. Kwa hiyo mradi wa aina hiyo, usipotumia mitambo inayoelea, utabanwa kwenye ukanda mwembamba karibu na pwani, na huko hakuna pahali patupu: kuna miamba, madema (mitego ya samaki), nyavu na mashamba ya mwani. Wananchi waitwe kabla mstari haujachorwa. Wakiitwa baadaye watakuwa wanapewa taarifa tu, hata kama mahudhurio yatajaa kurasa kumi.

Anza kwa mwenyekiti, mtendaji wa kijiji au mtaa na BMU (kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi wa ufukweni), lakini usiishie kwao. Kaa dikoni, wanaposhushia samaki, asubuhi kadhaa vyombo vinaporudi, uorodheshe kila anayekula kwa bahari hiyo: wenye vyombo, manahodha, mabaharia, wavuvi wa mshipi na wa madema, wanawake wa pweza na mwani, wachuuzi, wakaanga samaki. Wanaosahaulika zaidi ni wavuvi wa dago (kambi za muda), wengi wao Wapemba. Huja kwa msimu na kuondoka, na daftari la kijiji haliwajui, ilhali nyavu zao zimo katika maji yaleyale.

Tarehe ya mkutano ipangwe kwa mwezi na maji. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Ukiitisha mkutano saa hiyo, wanawake wote wako mwambani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na kulala mchana, na hupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Basi chagua siku za mwezi mpevu, alasiri baada ya swala, maji yakiwa yamejaa: makundi yote mawili utayapata. Wanawake wakae kwanza peke yao, wakiongozwa na mwanamke. Kwenye mkutano wa hadhara mwenye boti ndiye huongea, na mwokota pweza hunyamaza hata kama mwamba unaozungumziwa ni wake.

Ramani ndiyo kazi yenyewe, ipewe muda kuliko hotuba. Chapisha ramani ya bahari kwa kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 1 ni mita 500, uifunike kwa nailoni angavu. Gawa watu katika makundi ya sita hadi wanane kwa aina ya uvuvi, si kwa cheo. Kila kundi lichore mara mbili, nailoni moja ya kusi na nyingine ya kaskazi, kwani maeneo ya uvuvi hubadilika na upepo. Ramani ya msimu mmoja ni nusu ya ukweli.

Kisha kata viduara vya karatasi vya nusu kipenyo sentimita 1. Hilo ni eneo la usalama la mita 500 ambalo nchi kama Uingereza huweka kuzunguka mtambo unaojengwa. Mitambo yenye mapanga ya kipenyo cha mita 200 huachana kilomita 1 hadi 1.6 hivi, yaani sentimita 2 hadi 3. Wape wavuvi wavipange wenyewe, halafu walaze uzi kuwakilisha jarife linaloelea. Mkondo wa maili 2 za baharini kwa saa huusukuma wavu karibu kilomita 3.7 kwa saa, zaidi ya sentimita 7 kwenye ramani. Hapo kila mtu ataona wavu utakapokwama, na mjadala utakuwa wa kweli.

Baadaye nenda baharini na nahodha mmoja wa kila kundi, mhakiki alama kwa GPS. Zitunze kwa siri. Mvuvi akiona mwamba wake umebandikwa ukutani, hatakuonyesha mwingine, na ana haki.

Fidia ijadiliwe mapema, kwa kufuata mgao wa dikoni. Samaki hugawanywa kati ya chombo, nyavu, nahodha na mabaharia. Ukilipa kwa chombo, mabaharia watabaki mikono mitupu, na mkaanga samaki hatakumbukwa kabisa. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari, na maoni ya umma ni sehemu yake. Lakini fomu ya maoni haitoshi. Ndani ya siku 14 bandika dikoni jedwali la safu tatu: kilichosemwa, kilichobadilishwa, na sababu kama hakikubadilishwa. Safu ya pili ikiwa tupu, mradi haujashirikisha mtu. Huko Middelgrunden, karibu na Copenhagen, mpango wa kwanza ulikuwa mitambo ya upepo 27 kwa mistari mitatu. Wananchi wakaupinga, ikajengwa 20 kwa mstari mmoja uliopinda, na nusu yake ikamilikiwa na ushirika wa wananchi. Mabadiliko ya ukubwa huo ndiyo yanayofaa kuandikwa kwenye safu hiyo ya pili.