Kambi ya mahema: uliza saa ya kuondoka kwanza

Wenzangu mnaosimamia kambi za mahema Karatu na Mto wa Mbu: gari likiingia, kabla hujawaonyesha pa kusimika hema, muulize dereva kesho wanatoka saa ngapi. Wanaoshuka kreta ya Ngorongoro wanataka kuwa getini saa 12 asubuhi linapofunguliwa. Basi saa 10 alfajiri mpishi wao ameshawasha gesi, sufuria zinagongana, Land Cruiser inaunguruma. Hao waweke karibu na geti la kambi na jiko. Wenye watoto, na wale wa kulala mpaka jua lipande, wape upande wa mbali wenye kivuli cha asubuhi.

Malori makubwa ya watalii yageuzwe jioni hiyohiyo, kichwa kielekee nje. Dereva atang'aka kidogo, mwache ang'ake. Kurudi nyuma gizani katikati ya kamba za mahema ni balaa.

Saa ya kuondoka iandikwe kwenye daftari la mlinzi, si la mapokezi tu. Na kama maji ya moto ni ya kuni, wa mapema wawashiwe jioni. Asubuhi hawaogi hao.