Umeme wa seva ya raki: kuzifunga njia mbili zisizokutana

Asubuhi moja ya masika niliitwa katika ofisi fulani hapa Arusha kuangalia seva iliyozimika usiku, ingawa ilikuwa na pawa saplai mbili, yaani vifaa viwili vya kuipatia umeme ili kimoja kikifa kingine kiendelee, na zote zilikuwa nzima. Nilipozifuata nyaya nyuma ya kabati nilizikuta zimechomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja, nayo ekstensheni imechomekwa ukutani kwa plagi ya pini tatu ambayo fyuzi yake ilikuwa imeungua. Aliyenunua seva ile alilipia pawa saplai ya pili. Aliyeifunga akaigeuza pambo.

Kwa sababu hiyo kazi ianzie kwenye bodi ya breka, wala si nyuma ya seva. Mwombe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, avute laini mbili, kila moja na breka yake, ziishie kwenye soketi mbili karibu na raki, yaani kabati la seva. Tuziite njia A na njia B. Penye umeme wa fezi tatu, wengine huweka A kwenye fezi moja na B kwenye nyingine, jambo lenye faida kwa kuwa fezi moja huweza kupotea peke yake, lakini kumbuka kwamba kati ya fezi mbili kuna volti 400, si 230, hivyo onyo liandikwe mlangoni mwa kabati. Fremu ya raki nayo iungwe kwenye ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Ethi yenyewe ipimwe wakati wa kiangazi, maana udongo ukikauka ukinzani wake hupanda, na kipimo kizuri kilichochukuliwa mwezi wa Aprili ardhi ikiwa imelowa hakikuambii hali itakuwaje mwezi wa Septemba.

Kila njia ipewe UPS yake, yaani kisanduku cha betri kinachoendelea kutoa umeme ule wa ukutani ukikatika, na kigawa umeme chake, yaani ule ubao mrefu wa soketi unaofungwa wima ndani ya kabati. Hapa ndipo hesabu inapowapotosha wengi. Chukua seva mbili zinazokula wati 350 kila moja zikiwa kazini, pamoja na swichi ya mtandao ya wati 60: jumla ni wati 760, ambazo kwa volti 230 ni takribani ampea 3.3. Nyaya hazina shida, kwa kuwa kiunganishi cha kawaida cha C13 hubeba ampea 10 na kile kikubwa cha C19 hubeba 16. Shida iko kwenye UPS. Iliyoandikwa VA 1500 (VA ni volti mara ampea) inaweza kuwa na uwezo wa wati 900 tu, kwa hiyo soma wati, usisome VA. Pawa saplai mbili zikigawana mzigo, kila UPS itaonyesha kama asilimia 42, na moja ikizimika, ya pili itapanda hadi asilimia 84 na kuendelea kubeba. Sasa ongeza seva ya tatu, ya wati 240. Kioo cha kila UPS kitaonyesha kama asilimia 56 na ofisi nzima itaamini kwamba nafasi bado ipo, kumbe njia moja ikikatika ile iliyobaki itadaiwa asilimia 111 na itazima kila kitu. Jumla ya mizigo ya A na B isizidi uwezo wa UPS moja.

Seva za mtumba kutoka Marekani huja na nyaya zenye plagi za huko. Pawa saplai zake kwa kawaida hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, lakini hakikisha kwenye kibandiko chake kabla ya kuchomeka. Badilisha waya wenyewe, usitumie adapta ya msafiri, kwa sababu nyingi hazipitishi ethi na hulegea. Pawa saplai mbili za seva moja ziwe za aina moja na wati sawa.

UPS ina betri nzito, hivyo ikae chini kabisa. Ukisimama nyuma ya raki, pitisha nyaya za umeme upande mmoja na za mtandao upande mwingine, na zinapolazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba. Njia A iwe na nyaya nyeusi na njia B nyekundu, kila waya ukiwa na lebo kwenye ncha zote mbili, kwani siku ya dharura hakuna atakayekumbuka. Acha urefu unaotosha kuivuta seva mbele kwenye reli zake bila waya kuchomoka, lakini usiviringishe ziada mbele ya feni. Funga kwa mikanda ya velkro. Vibana vya plastiki huzikaba nyaya za mtandao, na siku ya kuvikata mkasi hukata visivyokusudiwa.

Chomeka A, subiri taa ya kijani, kisha chomeka B. Unganisha UPS na seva kwa waya wa data ili izimwe kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha, na kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha seva, iagize seva iwake baada ya kuchelewa kidogo umeme unaporudi, kwa kuwa umeme huweza kurudi na kukatika tena mara mbili tatu kabla ya kutulia.

Jaribio lifanyike Jumamosi mchana, nakala za data zikiwa zimeshachukuliwa. Chomoa waya wa A kwenye seva, soma mzigo wa B, rudisha. Fanya vivyo hivyo kwa B. Kisha nenda kwenye bodi uzime breka ya A, na uiache UPS yake iishe betri kabisa. Katika ofisi ile tulipofika hatua hii seva ilibaki ikiwaka vizuri, lakini hakuna aliyeweza kuifikia, kwa sababu swichi ya mtandao ilikuwa na waya mmoja tu wa umeme, uliokuwa upande wa A. Kifaa cha namna hiyo hulishwa kupitia kibadili njia, kisanduku chenye nyaya mbili za kuingiza umeme ambacho huhamia B chenyewe A inapopotea. Tulikifunga Jumatatu, tukazima breka ya A tena.