Kabla hujamchorea mchezaji masharubu
Ukitaka kupaka rangi kadi ya besiboli (kadi ndogo ya kukusanya yenye picha ya mchezaji) ili kumgeuza mchezaji awe na masharubu au kichwa cha mbuzi, tumia kadi za Marekani za 1987 hadi 1993, kama za chapa ya Donruss za 1988. Zilichapwa kupita kiasi. Nyingi hazifikii hata bei ya rangi utakayopaka. Ila pekua kwanza: kadi namba 1 ya chapa ya Upper Deck, 1989, yenye mchezaji Ken Griffey Jr., ina thamani, iweke pembeni! Kadi inayong'aa hukataa rangi, hivyo isugue taratibu kwa msasa laini, namba 600, futa vumbi, kisha paka akriliki tabaka 2 nyembamba. Ukipaka nzito, maji huikunja kadi. Tia sahihi yako nyuma: PSA, kampuni inayokagua kadi na kuzipa alama za ubora, haiipi kadi iliyobadilishwa alama ya namba, na kuiuza kama haijaguswa ni utapeli.