Jinsi ya kuchagua mbegu ya mahindi izoee shamba lako

Kama unalima mahindi ya kienyeji na mvua zimeanza kusumbua, usisubiri hadi yafike stoo ndo uchague mbegu, chagua shambani yakiwa bado yamesimama. Hindi kubwa la stoo halikwambii kitu, labda lilikuwa pembeni tu halikubanana na wenzake.

Kwa hiyo ingia katikati, achana na kingo. Tafuta mmea ambao saa nane mchana majani hayajajikunja sana, halafu cheki ndevu zimetoka karibu pamoja na mbelewele (lile ua la juu linalotoa chavua), sio zimechelewa wiki nzima, maana hapo chavua ishaisha na hindi linabaki na mapengo kama mdomo wa babu. Mmea huo ufunge kamba, uutambue wakati wa kuvuna.

Usichague mimea mitatu ukaridhika, chukua hata mia ukiweza, mahindi yanapandana kwa upepo na yakipandana ndugu kwa ndugu yanadhoofika. Haibridi ya dukani, yaani mbegu chotara, usihangaike nayo hapa, ukirudia mbegu yake kila mmea unatoka kivyake.

Na elewa, mmea mmoja haujifunzi ukame ukawarithisha watoto, ni wale waliovumilia tu ndo wanaongezeka kila msimu. Wakulima wa Mexico walianza hivyo miaka kama 9000 iliyopita wakatoa mahindi kwenye nyasi ya porini, teosinte, ambayo punje zake ni ngumu balaa.

Kausha vizuri, weka kwenye chombo kisichopitisha hewa, msimu ujao rudia.