Shule zikifungwa ghafla: namna ya kuomba ruhusa kazini bila kupoteza kazi

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuwa shule zinafungwa kwa siku 30. Muda huo uliongezwa. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, madarasa mengine tarehe 29 Juni.

Mimi ni mtunza ghala la nafaka hapa Kizota, Dodoma, na ni mwakilishi wa wafanyakazi kwenye tawi letu. Barua nyingi za wazazi zilipitia kwangu miezi ile. Zilizokubaliwa zilikuwa na kitu kimoja: zilimweleza meneja kazi itafanyikaje. Iliyoeleza shida ya nyumbani tu ilikaa mezani.

Kwanza ujue sheria inakupa nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina likizo ya kufungwa kwa shule, kwa hiyo utaunganisha vipande. Kuna likizo ya mwaka, siku 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Ukitaka kuichukua kidogo kidogo, siku mbili leo na nusu siku Ijumaa, kubalianeni kwa maandishi zitahesabiwaje, maana hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Kuna siku 4 zenye malipo mtoto akiugua au ukifiwa na ndugu wa karibu. Hizo zitunze, usizitumie kwa mtoto mzima anayecheza uani. Na usiombe likizo ya ugonjwa wakati huumwi. Mama anayenyonyesha ana haki ya kunyonyesha hadi saa mbili kila siku ndani ya muda wa kazi, shule ziwe wazi au zimefungwa.

Lakini mimi napenda zaidi kubadilisha saa za kazi, kwa sababu mshahara haukatwi. Ukomo wa kawaida ni saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Anayefanya siku sita za saa saba na nusu anaweza kuomba siku tano za saa tisa: saa ni zilezile, na Jumamosi yuko na watoto. Kama mkataba wenu ni saa 40, omba siku nne, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na saa moja ya chakula katikati. Sheria inaruhusu hadi saa 12 kwa siku, pamoja na muda wa chakula, mradi muwe na makubaliano ya maandishi. Neno la mdomo halitoshi hapa.

Halafu angalia msimu wa kazi yako. Ghala letu mwezi Aprili huwa limetulia. Kuanzia Julai malori ya mahindi na mtama yanapanga foleni. Ombi la Aprili linakubalika kirahisi ukiahidi kuwepo Julai. Watoto wengi wa Dodoma hupelekwa kwa bibi, Kongwa au Bahi, ila Mei na Juni bibi naye yuko kwenye mavuno, na ugonjwa kama ule uliwaumiza zaidi wazee. Usimhesabu kabla hujamuuliza.

Barua iwe fupi:

“Ndugu Meneja, shule ya watoto wangu wawili, darasa la kwanza na la nne, imefungwa. Naomba kufanya kazi Jumatatu hadi Alhamisi, saa 1:00 asubuhi hadi 12:00 jioni, kuanzia Jumatatu ijayo mpaka madarasa hayo yafunguliwe. Ijumaa mwenzangu wa stoo amekubali kushika funguo na daftari la kupokea mizigo. Naomba tuutazame mpango huu baada ya wiki mbili.”

Taja darasa la mtoto, usiandike tu “shule zikifunguliwa”. Mwaka 2020 tangazo la kufungua Juni mosi halikumhusu mtoto wa darasa la kwanza. Toa nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa.

Akina baba, nanyi andikeni. Mke na mume wakigawana siku, kila mwajiri anaombwa kidogo, na mama hachoki peke yake.

Likizo bila malipo iwe ya mwisho. Kabla ya kusaini, uliza michango yako ya NSSF na makato ya mkopo yatakuwaje.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha nenda kwa mwakilishi wa tawi. Usibaki nyumbani bila ruhusa: utoro wa zaidi ya siku tano za kazi unaweza kukufukuzisha. Ukiachishwa kazi isivyo haki, una siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Shule zikifunguliwa, andika barua ya kurudi kwenye saa zako za kawaida, kisha muombe afisa utumishi akuoneshe siku za likizo zilizobaki, mzihesabu pamoja.