Begi la kitambaa: mikanda ndio kazi yenyewe

Kushona begi la kitambaa kila mtu anaweza, mistari imenyooka mwanzo mwisho. Shida huwa kwenye mikanda. Begi langu la kwanza nililishona vizuri tu, nikatia vitabu, nikanyanyua, mkanda mmoja ukabaki mkononi na vitabu vyote chini, kumbe nilikuwa nimepitisha mshono mmoja tu pale juu.

Kitambaa tafuta kizito kidogo, jinsi au kanvasi, hata suruali ya jinsi uliyoichoka inafaa. Kama ni pamba kifue kwanza ukipige pasi ndo ukate, maana pamba inarudi ikishaguswa na maji, hutaki irudi ikiwa begi tayari. Sindano weka namba 16, na mshono urefushe hadi milimita 3 hivi, mshono mdogodogo kwenye kitambaa kizito unakitoboatoboa tu.

Kata vipande viwili vya upana wa sm 40 na urefu wa sm 45, hilo ndo begi. Halafu viwili vya mikanda, sm 65 kwa sm 10, hiyo ya begani, ya kushika mkononi 50 inatosha. Mikanda ikate kufuata urefu wa kitambaa, usikate mshazari, mkanda wa mshazari unavutika hadi begi linakugonga magotini.

Sasa mkanda. Ukunje katikati kwa urefu, piga pasi, ufungue, utaona alama. Leta kingo zote mbili zikutane kwenye ile alama, pasi tena, kisha ukunje tena katikati. Umepata mkanda wa sm 2.5 wenye tabaka nne na hakuna uzi unaochungulia. Shona ukingo ule ulio wazi, karibu kabisa na mwisho, na ule mwingine pia ushone ingawa umeshajifunga, ndo unafanya mkanda ukae bapa usijisokote. Na pasi usiiruke jamani, wanaosema vidole vinatosha mikanda yao inajulikana.

Mwili wa begi: weka vipande viwili, nje kwa nje, shona pembeni na chini ukiacha sm 1.5, kingo zipige zigizaga. Ukitaka lisimame lenyewe, vuta kona ya chini mpaka mshono wa pembeni ulale juu ya mshono wa chini, itatokea pembetatu, pima sm 5 kutoka nchani, shona kukatiza, kata ubaki na sm 1. Fanya na kona ya pili. Ujue tu begi linapungua upana na urefu, kwa hiyo kama unataka kubwa ongeza tangu unakata.

Mdomo ukunje sm 1 kuelekea upande utakaokuwa ndani ya begi likishageuzwa, halafu sm 3, pasi. Mkanda unaingia chini ya hilo pindo, sm 10 kutoka mshono wa pembeni, ukiwa umeelekea chini, na ncha zote mbili za mkanda mmoja ziwe upande uleule wa begi!! Usicheke, nimewahi kushona ncha moja mbele nyingine nyuma na nikafumua usiku. Hakikisha pia haujajisokota kabla ya kubana pini. Shona pindo kuzunguka lote, kisha nyanyua mkanda uelekee juu, na pale unapopita kwenye pindo shona mraba, ndani yake alama ya X. Anza na umalize kwa kurudi nyuma mara mbili tatu. Hapo tabaka ni nyingi, cherehani ikigoma usikanyage kwa hasira utavunja sindano, zungusha gurudumu kwa mkono polepole hadi ivuke.

Geuza begi, kona zisukume kwa kitako cha penseli, mkasi utatoboa.