Rede na mdako shuleni: namna ya kuchezesha darasa zima

Angalia mtoto akicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Anakimbia, anakadiria mpira utafika lini, anahesabu, anabishana na wenzake juu ya kanuni mpaka wakubaliane. Hayo yote ni mafunzo, ila hayamfikii aliyesimama pembeni akingoja zamu. Darasa la watoto 60 likipewa mpira mmoja, wengi wao watakuwa wa kungoja tu. Basi, mwalimu, anza kwa kuongeza mipira na kuwagawa watoto katika vikundi vidogo.

Mpira. Tafuta soksi ndefu kuukuu. Shindilia ndani yake vitambaa chakavu vilivyokatwa vidogo vidogo hadi upate donge la ukubwa wa chungwa, sokota soksi, ipindulie juu ya donge mara mbili, kisha shona mdomo. Usijaze mchanga: mpira unakuwa mzito na kuumiza, na chembe huvuja zikaingia machoni. Karatasi nazo zikilowa hugandamana na kuwa ngumu. Kwa vikundi 6 vya watoto 10, tengeneza mipira 8, kwa sababu miwili itafumuka katikati ya mchezo.

Uwanja. Chora mistari miwili yenye umbali wa hatua 10 za mtu mzima kwa darasa la tatu na kuendelea, hatua 7 kwa wadogo. Acha hatua 5 kati ya uwanja na uwanja, la sivyo watoto wa vikundi viwili watagongana. Katikati weka chupa ya plastiki ya nusu lita isiyo na kizibo, na kando yake rundo la mchanga mkavu. Mchanga mbichi hukwama shingoni mwa chupa.

Kucheza. Wawili wanarusha, mmoja kila upande, na wanane wako katikati wakikwepa na kujaza chupa kwa viganja. Kila mtaa una kanuni zake za rede, kwa hiyo waulize watoto kwanza wanachezaje kwao, ila haya matatu yasimamie mwenyewe.

Mpira upigwe chini ya kiuno. Aliyepiga kichwa anapoteza zamu ya kurusha. Kwenye chupa achote mmoja kwa wakati mmoja, maana wawili wakiinama pamoja vichwa vinagongana.

La tatu ndilo zito. Mtaani, aliyepigwa hutoka mpaka mchezo uishe. Shuleni kanuni hiyo inamwonea mtoto mzito wa kukwepa: anapigwa mapema, anakaa chini, na kesho yake bado hajui kukwepa kwa sababu hakupata nafasi ya kujaribu. Badala yake, aliyepigwa asimame nje ya mstari ahesabu kwa sauti hadi 20, kisha arudi. Wa darasa la tatu ahesabu kwa tatu tatu hadi 60.

Badilisha warushaji kila baada ya dakika 4. Kwa dakika 20 wote kumi watakuwa wamerusha. Kama kipindi ni cha dakika 40, zinabaki 20 za kupanga vikundi, kunywa maji, kunawa, na kuwauliza ni kanuni gani iliwagombanisha. Anayetembea kwa magongo au anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kurusha zamu nyingi zaidi. Asifanywe mtunza masweta wa wenzake.

Mdako, kwa siku za mvua na kwa hisabati. Watoto wanne wanne, kete 12 za kokoto laini zenye ukubwa wa gololi. Ndogo kuliko hapo huishia puani au masikioni mwa watoto wa darasa la awali. Nje chimba kishimo kifupi chenye upana wa shibiri, na kwenye sakafu ya saruji chora duara kwa chaki. Mtoto anarusha jiwe juu, anachomoa kete kabla halijashuka, analidaka, kisha anarusha tena na kuzirudisha zote isipokuwa idadi uliyotaja.

Taja tatu, na wote waandike: 12 toa 3, zimebaki ngapi? Baada ya mirusho minne shimo ni tupu, na mtoto ameigawa 12 kwa 3 kwa mkono wake. Kisha taja tano. Zinabaki mbili zisizotosha fungu, na hapo ndipo neno "baki" linapoeleweka. Asiyeweza kudaka arushe kidonge cha karatasi badala ya jiwe, maana hakiumizi vidole.

Usimzuie mtoto mapumziko ili amalizie kazi ya ubaoni. Mara nyingi anayezuiwa ni yule yule kila siku, na ndiye asiyetulia darasani kwa kukosa kukimbia.

Mipira ianikwe juani kila Ijumaa na iliyofumuka ishonwe. Watoto wa darasa la tano wanaiweza kazi hiyo.